Hedifoni Zisizo na Waya, na Neno Lililomfikia Mama Mkwe

Shule niliishia darasa la tatu. Nalisema mapema ili mtu asije akatafuta hapa maneno ya kisomi. Nilichonacho nimekitafuta mwenyewe: mashine ya kusaga pale Kashaulili mjini Mpanda, gari la mizigo, nyumba ya bati, na ng'ombe wa mahari niliowatoa bila kusaidiwa na mjomba wala baba mkubwa. Miaka ya tisini ukimuuliza mtu wa sokoni "mzee wa mashine" yuko wapi, alikuleta kwangu moja kwa moja. Sikuwa mzee bado, ila mashine ilikuwa imenizeesha jina, na mimi jina hilo nililipenda. Niliongea kidogo, nilitembea polepole, nilinyoosha mashati.

Sasa mtu wa namna hiyo akanunua gemu.

Kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa anashuka na treni kutoka Tabora, mizigo yake saa, redio na betri. Safari moja akaja na chombo cha gemu, kile unachochomeka kwenye televisheni, kina mikono miwili yenye vitufe. Televisheni nilikuwa nayo, ndogo, nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari. Mpanda wakati ule hakukuwa na matangazo ya televisheni. Aliyekuwa nayo aliangalia kanda za video, na kanda zikimwishia aliangalia chenga. Nikachukua kile chombo, nikamwambia mke wangu ni cha watoto. Watoto wakacheza, wakachoka, wakarudi kwenye mpira wao wa matambara. Mimi sikuchoka.

Ulikuwamo mchezo wa vifaru vya vita. Ngome yako iko chini, vifaru vya adui vinateremka kutoka juu, kazi yako kuvizuia visifike. Kimoja kilikuwa kinametameta. Unakipiga, hakifi, mara kimetokea upande wa pili. Hicho nilikipa jina nikawa nakiita mchawi. Nilikuwa nafunga mashine Jumapili mchana, navua shati, nabaki na kaptula, nakaa kwenye kigoda kuelekea televisheni.

Jirani yangu wa mbele alikuwa mama mmoja wa Kifipa aliyeuza nyanya kibarazani kwake. Sisi Wasukuma na Wafipa ni watani, mdomo hauna breki. Jumatatu moja natoka kwenda kazini nimenyoosha shati langu, akanipigia kelele toka ng'ambo ya njia:

"Shemeji, jana ulishinda au ulishindwa? Tumesikia piu piu piu mpaka ugali ukaiva."

"Watoto hao."

"Watoto walikuwa kwangu wanakula mihogo."

Wateja wake wakacheka. Nikaendelea kutembea polepole kama kawaida yangu, lakini mgongo ulikuwa unaniwaka. Basi yule mfanyabiashara aliporudi nikamuuliza kama hakuna namna ya kuangalia televisheni bila watu kusikia. Akanitolea hedifoni zisizo na waya. Kisanduku kidogo kinachomekwa kwenye televisheni, kinatoa mwanga ambao jicho halioni, ndivyo alivyonieleza, na mwanga huo ndio unaobeba sauti. Wewe unavaa makombe mawili masikioni, yana betri zake ndogo. Ila lazima ukielekee kile kisanduku. Ukigeuza kichwa, sauti inakatika, unasikia mvumo tu kama mafuta yanayokaanga.

Nikaona nimemaliza. Nyumba ikawa kimya, jirani akakosa la kusema. Ambalo yule mtu hakuniambia, na pengine hakulijua, ni kwamba mwenye kuvaa vitu vile hajisikii mwenyewe. Nilikuwa naongea na vile vifaru tangu zamani, kwa kunong'ona. Nilipoziba masikio nikadhani bado nanong'ona.

Hapa niseme kidogo habari ya ukwe, maana vijana wa siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe kama dada zao. Sisi Wasukuma tuliokuja huku na ng'ombe, mimi na mama mkwe wangu hatukuwa tunaonana uso kwa uso. Tukikutana njiani mmoja anaingia porini. Akija kwangu anasimama mbali, anakohoa, anapiga hodi, anangoja. Mimi nikisikia natoka kwa mlango wa nyuma nampisha nyumba. Sauti yake nilikuwa naijua kwa hicho kikohozi na hiyo hodi tu. Heshima yote kati yetu ilikuwa inapita masikioni.

Jumapili hiyo mke wangu alikuwa sokoni na watoto. Mama mkwe akapata lifti ya lori la mahindi kutoka Kabungu, akaja na wifi yake. Mdogo wake mke wangu alikuwa anaolewa. Mama yao alikuja kumchukua mke wangu akasaidie maandalizi, na alikuwa amebeba ujumbe wa baba mkwe kwamba siku ya kupokea ng'ombe mimi nikae pamoja na wazee wa ukoo. Jambo hilo nililingoja miaka. Haya yote niliyajua baadaye.

Mimi nilikuwa kwenye kigoda, mgongo mlangoni, na siku hiyo nilikuwa nimefika mbali kuliko siku zote. Nilipomaliza nilivua hedifoni, nikatoka nje kunywa maji mtungini, nimefurahi. Jirani alikuwa amesimama kibarazani kwake, mikono kiunoni. Hakuwa na utani usoni.

"Shemeji, mbona umewafukuza wageni?"

"Wageni gani?"

"Mama mkwe wako. Kapiga hodi mpaka sauti imemkauka. Kakaa pale kwenye jiwe juani, kasimama, kapiga tena. Na wewe unamjibu."

"Namjibu nini?"

Akatazama pembeni. "Toka hapo. Rudi nyuma, mchawi wewe. Leo nakuua."

Kikombe nilikuwa nacho mkononi, nikakirudisha juu ya mtungi taratibu kana kwamba kimejaa.

"Na wengine wamesikia?"

"Jumapili hii, shemeji. Njia imejaa watu. Nani hajasikia?"

Nyie mnaosoma leo mnaweza kucheka. Miaka ile hakuna Msukuma aliyecheka na neno hilo akiambiwa mwanamke mzee. Mama wa watu kapika na kuni maisha yake yote, macho yamekuwa mekundu kwa moshi, na hayo macho yenyewe ndiyo yanafanywa ushahidi. Mtoto wa jirani akiugua, ng'ombe akifa, watu wanakumbuka nani aliwahi kuitwa jina hilo. Halafu wanakuja na mapanga. Nilishaona nyumba iliyobaki tupu kwa sababu ya neno. Na hili langu lilisemwa na mkwe, mtu wa mashine, mtu asiyeongea ovyo.

Mke wangu alikuwa amekutana nao sokoni. Aliporudi alinieleza walichokuwa wamekuja nacho, hakupiga kelele. Aliiangalia televisheni, akaishika juu, ilikuwa bado ya moto.

"Ulikuwa umevaa yale madude."

"Nilikuwa nimevaa."

"Basi vaa shati twende. Ukawaambie wazee kwamba ulikuwa unacheza gemu, hukumsikia."

"Mimi?"

"Kuna mwingine?"

"Mama watoto, nikae mbele ya baba yako na ndugu zake, mtu mzima na mashine yangu, niseme nilikuwa nacheza mchezo wa watoto? Siku za kunialika nipokee nao ng'ombe?"

Akafunga nguo zake na za watoto kwenye kitenge. Mlangoni akasema, "Mpaka hilo neno litoke kwa mama yangu, mimi sirudi hapa. Na ukiwa na aibu, jua mwenzako ana hofu."

Akaondoka, nami nikabaki nafikiria aibu yangu.

Siku chache baadaye akaja kwenye mashine mdogo wake baba mkwe na baiskeli yake. Mtu mpole, anaongea huku akiangalia chini. Akangoja nizime injini, akaniita pembeni.

"Mkwe, kaka kanituma. Anasema mtoto wa watu hawezi kutukana bila sababu. Anauliza, ulikuwa unasema na nani?"

Hapo ndipo ukweli ulikuwa umewekwa mbele yangu, nifungue tu mdomo. Nyuma yake kulikuwa na akina mama na debe zao za mahindi, wote wametega masikio. Nikasema:

"Kulikuwa na bundi. Kaingia ndani. Ndiye niliyekuwa namfukuza."

Akainua macho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Bundi. Mchana."

"Mchana."

"Wakati ule ule mama mkwe wako amesimama mlangoni."

Akageuza baiskeli. Mimi nikabaki nimesimama na unga kwenye nyusi, nikiusikia mwenyewe ujinga wangu. Nilitaka kulitoa neno kwa yule mama, na nilikuwa nimelipigilia msumari. Kati yetu bundi wa mchana hatumwi na Mungu. Mama wa watu anafika mlangoni, bundi anaingia ndani, mwenye nyumba anapiga kelele za uchawi. Sasa haikuwa tusi tena. Ilikuwa kesi yenye shahidi, na shahidi ni mimi.

Habari ya bundi ilifika kila mahali. Akina mama kwenye foleni walikuwa wakinyamaza nikikaribia. Siku ya tatu au ya nne mteja mmoja wa kiume, mtu niliyekuwa namheshimu, akaniinamia huku nikimimina mahindi yake.

"Pole na yaliyokupata, mzee wa mashine. Mimi namjua mtu anayeangalia mambo hayo. Akikuangalia mara moja anakutajia. Na wapo vijana wa kumalizia."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekuonyesha fundi mzuri wa matairi.

Nikazima mashine mahindi yake yakiwa nusu. Nikawaambia watu waje kesho. Nikaenda nyumbani nikapakia televisheni kwenye gari, chombo cha gemu, kile kisanduku, hedifoni, na betri. Jirani akaniona nafunga kamba.

"Unahama, shemeji?"

"Naenda Kabungu kuwaonyesha gemu wakwe zangu."

Hakucheka. Akaniletea nyanya kwenye kikapu, akasema nisiende mikono mitupu.

Wazee walikaa nje ya boma la baba mkwe, kwenye viti vya miguu mitatu. Mke wangu alikuwa kwa mbali na wanawake. Mama mkwe hakuonekana, na haikupasa aonekane. Nikasimama nikasema yote. Kwamba hakukuwa na bundi. Kwamba nilikuwa nimekaa nimevaa kaptula, nacheza mchezo wa vifaru vya kwenye televisheni, na masikio yangu yalikuwa yamezibwa na kitu. Kwamba mchawi ni jina la kifaru.

Mzee mmoja akauliza, "Huyu ana mashine mbili au ni ileile moja?"

"Ileile moja," mwenzake akamjibu, "nyingine ndiyo hii ya vifaru."

Baba mkwe hakucheka. "Hicho kitu kina waya?"

"Hakina, baba."

"Sauti inapitaje?"

"Kwenye mwanga."

"Mwanga upi?"

"Hauonekani."

Wakaangaliana. Niliona vile neno langu la mwanga usioonekana lilivyokaa masikioni mwa watu waliokuja kusikiliza kesi ya uchawi. Nikafunga midomo nikaanza kuunga waya za betri. Nikawasha, nikamvalisha yule mdogo wake baba mkwe. Akasikiliza, akazivua.

"Zinakaanga mafuta," akasema.

Jua lilikuwa linaua ule mwanga. Sikuwa nimewahi kuzitumia nje. Nikahangaika na kile kisanduku, nikakigeuza, nikakifunika na kofia, jasho linanitiririka mbele ya watu waliopokea ng'ombe wangu, na kilichotoka ni mvumo tu. Kijana mmoja wa ukoo akasema kwa sauti ya kutosha, "Afadhali angebaki na bundi."

Nikaomba mahali penye giza. Nyumbani kwa baba mkwe nisingeweza kuingia kwa sababu ya ukwe. Wakanipa bani, nyumba ya udongo ya kukaushia tumbaku, haina dirisha hata moja. Tukaingia na televisheni, harufu ya tumbaku inachoma pua, wazee wakabanana ukutani. Humo kitu kikashika mara moja. Nikazifuta hedifoni kwa shati langu nikampa baba mkwe mwenyewe, na mkono wa gemu nikamwekea mapajani.

Akatulia. Vifaru vikaanza kuteremka. Mdogo wake akamsemesha kwa nyuma, "Kaka, maji ya kunywa yaletwe?"

Baba mkwe akapaza sauti kama anayeita mtu aliyeko ng'ambo ya mto: "MBONA MMENYAMAZA WOTE?"

Bani zima likacheka, hata yule aliyeuliza habari ya mashine mbili akajishika mbavu. Mzee akazivua, akatuuliza tunacheka nini. Tulipomweleza, akazitazama zile hedifoni kwa muda, akanitazama mimi. Nikaona uso wake umelegea. Nikadhani yameisha.

Sauti ya mama mkwe ikatoka nje, nyuma ya ukuta, ya chini, anasema na wifi yake lakini kwa namna ya kutusikilizisha.

"Waambie huyo mzee hasikii tangu zamani. Kwake si ushahidi."

Wakacheka tena, ila kidogo. Alikuwa sahihi. Wifi akaja mlangoni, akamnong'oneza mdogo wake baba mkwe. Naye akatoka, akamwita mke wangu aingie, akamwambia avae, acheze, tumwone. Hakumwambia zaidi. Mimi pia sikuambiwa kitu.

Mke wangu hakuwahi kuigusa ile gemu hata siku moja. Akakaa kwenye kigunia, akavaa, akashika ule mkono kinyume, nikamgeuzia. Mwanzo alikuwa amekunja uso, anatimiza amri tu. Kisha kifaru chake kikapiga kingine kikapasuka, na uso ukafunguka. Mwanga wa televisheni ulikuwa unamcheza mashavuni. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu aondoke kwangu.

Ndipo mama yake akaita.

Alimwita kwa jina lake la utoto, ambalo mimi sikulijua. Aliita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwanawe aje ashike kuni. Mke wangu hakugeuka. Akaita tena, akakohoa kile kikohozi. Akasema, "Hodi mwanangu. Ni mimi, nimekuja." Hatua mbili tu, ukuta wa udongo katikati. Mke wangu akawa anatabasamu na vifaru. Mama akaita kwa nguvu sasa, sauti ikaanza kukwaruza. Kila mtu ndani ya bani aliacha kuangalia televisheni akawa anaangalia miguu yake. Kile kifaru kinachometameta kikatokea upande wa juu, mke wangu akakiona, akapaza sauti kuliko baba yake:

"Ondoka! Ondoka hapo, sikutaki!"

Nje kukawa kimya.

Nilijua sasa ilivyokuwa kwa mama mkwe juani pale kwangu. Mpaka dakika ile nilikuwa naona aibu ya kaptula na ya mchezo wa watoto. Nikatamani hiyo irudi, nibaki na hiyo.

"Basi," mama mkwe akasema nyuma ya ukuta. "Nimeelewa. Mvueni mwanangu hicho kitu."

Nilimvua mimi mwenyewe. Akatuangalia, uso bado una furaha yake, akauliza, "Nimefanya vibaya?"

Wazee walikubaliana kwamba neno halikumhusu mama yule. Lakini yule mpole mwenye baiskeli akasema limetoka kwangu mbele ya watu, na bundi nimemtoa mimi mbele ya watu, kwa hiyo vyote viwili nitavirudisha mbele ya watu, mnadani, ng'ombe wakiwa wamejaa. Sikubisha.

Siku ya mnada nilipanda nyuma ya gari langu nikapaza sauti. Nikasema mimi ndiye mzee wa mashine, nilikuwa nacheza gemu ya watoto nimeziba masikio, nikapiga kelele kwa kifaru cha kwenye televisheni, bundi nimemtunga kwa sababu ya kujiona, na mama mkwe wangu ni mama safi. Nikarudia upande wa wauza mbuzi, na upande wa pombe pia, maana huko ndiko maneno yanakolala. Walicheka mpaka wakasahau bei. Mmoja akauliza kifaru kilikuwa cha mahari ngapi. Nikamwacha. Kule kwenye chumvi nilimwona mwanamke amenipa mgongo, ananunua taratibu, hana haraka ya kuondoka. Na watu waliokuwa karibu naye walikuwa wanamsogezea mizani, wanamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mkwe wako huyo ana kazi," na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Mke wangu alipanda mbele na watoto, tukarudi. Barabara ilikuwa mbovu, nikawa nakwepa mashimo. Tulipokaribia mji akauliza akiangalia dirishani:

"Siku ile kwenye bani. Mama aliniita?"

"Alikuita."

"Mara moja?"

"Aliita sana."

Watoto walikuwa wamelala wameegemeana.

"Aliniita vipi?"

Jina lile nilikuwa nalo mdomoni. Ila ni la mama yake kumwita, si langu, na sauti ile sikuwa na haki hata ya kuiigiza. Nikapunguza gia kwenye mteremko, nikamwambia nikimpeleka Kabungu kwa ajili ya ng'ombe wa mdogo wake, amuulize mama yake mwenyewe.